Sarafu Iliyotobolewa: Juu ya Kuuchunguza Urithi wa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Usukumani kuna kikasha kinachohifadhi vitu vya wazee waliokwisha kufariki: ushanga, bangili za waya, stakabadhi za kodi, na aghalabu sarafu moja au mbili za kale. Vitu hivi husimuliwa sana, lakini huchunguzwa kwa nadra. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba masimulizi ya nyumbani na uchunguzi wa kitu chenyewe havina budi kwenda pamoja. Kimoja kikiachwa, urithi hupotea.

Tuchukue mfano mmoja. Bibi mmoja wa Shinyanga alipata kunionyesha sarafu yenye sura ya mtu aliyevaa kofia ya vita. Juu ya kofia hiyo pametobolewa tundu la kupitishia uzi. Upande wa pili umesuguliwa kwa tupa hata maandishi yake hayasomeki. Rangi yake ni ya manjano. "Mwanangu," aliniambia, "hii ni dhahabu ya Mjerumani, imetoka Geita. Baba yangu aliivaa shingoni." Wajukuu wake walitaka iuzwe kwa bei ya dhahabu, naye alikataa katakata. Basi swali la asili ya sarafu hiyo halikuwa mchezo wa wasomi, maana lilikwisha kuigawa nyumba.

Na tuanze na chuma chenyewe. Sura ile ni ya Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Ilipigwa chapa kwenye rupia za koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki tangu mwaka 1890, kwanza kwa jina la kampuni ya Kijerumani, na kuanzia 1904 kwa jina la koloni lenyewe. Rupia moja ilifuata uzito wa rupia ya Bara Hindi, yaani gramu 11.66, nayo ilikuwa ya fedha.

Sarafu ya dhahabu ya koloni hilo ni nyingine kabisa. Ni ile ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari. Upande mmoja ina tai, upande wa pili ina tembo, na uzito wake unazidi gramu 7 kidogo tu. Dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, upande wa Iramba, wala si Geita. Zaidi ya hayo, kwenye pua na shavu la Kaizari katika sarafu ya bibi, rangi ya manjano imekwisha kulika na weupe wa fedha umetokeza. Kwa hiyo, sarafu ile ni rupia ya fedha iliyotiwa maji ya manjano.

Hapa ndipo mchunguzi mwenye haraka atakapofunga daftari lake na kusema kwamba bibi amedanganywa. Hilo ndilo kosa ninalotaka kulipinga. Sarafu iliyobadilishwa ina umri wa namna mbili: umri wa kupigwa chapa, na umri wa kubadilishwa. Ule wa kwanza ni habari za watawala. Wa pili ni habari zetu.

Mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na ulihitaji vibarua wengi. Mtu aliyefanya kazi huko angeweza kupata sonara wa kuitia rupia ya kale maji ya dhahabu. Kama manjano yale ni dhahabu kweli, jambo ambalo sonara mwaminifu anaweza kulipima, basi neno la bibi kwamba "imetoka Geita" huenda likawa sahihi kwa rangi, ingawa si sahihi kwa sarafu. Masimulizi ya wazee hubana mambo mawili katika sentensi moja, nasi kazi yetu ni kuyatenganisha bila kuyatupa.

Na tundu je? Kwanza, tusichanganye tundu la nyumbani na tundu la kiwandani. Heller 10 za Wajerumani zilizotolewa kuanzia 1908, kadhalika senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za wakati wa Waingereza, zilitobolewa katikati na watengenezaji wenyewe. Tundu la rupia ya bibi liko ukingoni, nalo limetobolewa ili sura ining'inie wima.

Lini? Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na rupia moja ilikuwa jasho la siku nyingi. Mtu wa kawaida hatoboi sarafu atakayodaiwa kesho. Yaelekea zaidi kwamba ilitobolewa ilipokwisha kukoma kuwa fedha ya matumizi, baada ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, kuleta florini na kisha shilingi. Hata hivyo, kuvaa kitu cha mviringo kifuani hakukuanza na Wajerumani. Watemi wa Unyamwezi walivaa kibangwa, kipande cha kombe lililotoka pwani, kuwa alama ya cheo. Rupia iliingia mahali palipokwisha kutayarishwa na mila.

Lugha yetu nayo ilifanya vivyo hivyo. Heller ya Wajerumani ilikufa sokoni, lakini neno "hela" tumelifanya letu, nalo leo ni jina la fedha yoyote.

Kwa walimu, nina ombi moja. Wanafunzi wakileta sarafu kama hizi, wasizisugue wala kuzikwangua. Wazipime uzito, wachore pande zote mbili, waonyeshe tundu lilipo, kisha waandike maneno ya mwenye nyumba kama alivyoyasema, hata yale wasiyoyaamini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Rupia ya bibi ikiuzwa kwa mizani, italipwa thamani ya fedha yake peke yake. Habari za baba yake hazimo katika bei hiyo, na hakuna sonara atakayeweza kuzirudisha.