Albamu ya Kwanza Mkononi: Upokezi wa Roki Progresivu na Tatizo la Mpangilio wa Wakati

Uhakiki umezoea kuzipanga kazi za mtunzi kwa kufuata miaka ya kutolewa kwake. Mazoea haya yana manufaa, kwani humwezesha mhakiki kuonyesha ukuaji wa mtunzi, athari alizozipokea na namna alivyoachana nazo. Lakini yamejengwa juu ya dhana isiyosemwa wazi, kwamba mpokezi naye hukutana na kazi hizo kwa utaratibu uo huo. Ni nadra jambo hilo kutokea. Msomaji aliyeanza na Nagona (1990) ndipo akarudi kwenye Rosa Mistika (1971) hamsomi Kezilahabi yule yule anayesomwa na mtu aliyeanzia upande wa pili. Kwa huyo wa kwanza, uhalisia wa riwaya ya awali ni kama nyumba iliyojengwa ili ibomolewe. Kwa yule mwingine, Nagona ndiyo uasi.

Makala haya yanalichunguza suala hilo katika uwanja ambao wahakiki wa fasihi aghalabu huwaachia waandishi wa magazeti, yaani roki progresivu iliyostawi Uingereza kuanzia mwaka 1969 hadi katikati ya miaka ya sabini. Uwanja huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, bendi zake zilikusudia kwa dhati kutunga kazi ndefu zenye muundo, zikaziwekea majalada na maneno yanayodai kusomwa. Pili, wapenzi wake wana desturi ya kuulizana swali moja: albamu ya kwanza uliyoimiliki ya bendi fulani ilikuwa ipi? Swali hili huchukuliwa kuwa soga la wazee wanaokumbuka ujana wao. Kwa hakika ni swali la kinadharia, na wanaoliuliza wameligundua jambo ambalo Hans Robert Jauss alilifikia kwa njia ya kitaalamu zaidi.

Katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, Jauss alishikilia kuwa historia ya fasihi haiwezi kuandikwa bila msomaji, maadamu kila kazi hupokelewa dhidi ya upeo wa matarajio uliokwisha kujengwa na kazi zilizotangulia. Hoja yake ina nguvu, ila upeo anaouzungumzia ni wa kizazi kizima. Upeo wa mwenye santuri ya kwanza ni finyu kuliko huo na umejengwa na bahati tu: ni ipi iliyokuwa dukani siku ile, au ni ipi iliyoachwa nyumbani na kaka mkubwa alipohama. Tena kuna suala la kumiliki. Kijana aliyedunduliza fedha akanunua santuri moja hakuwa na uhuru wa kuiweka kando kwa kuwa haikumwingia. Aliisikiliza tena na tena, akalichunguza jalada, hadi kanuni za kazi ile zikawa ndizo kanuni zake za kusikiliza. Yeyote aliyewahi kusoma kwa shida riwaya ya lazima ya mtihani, kisha akaja kuipenda, ataielewa hali hiyo.

Bendi ya Yes inadhihirisha jinsi kanuni hizo zinavyoweza kukinzana. Close to the Edge (1972) ina nyimbo tatu tu, na wa kwanza wao, wa karibu dakika 19, unaumeza upande mzima wa santuri. 90125 (1983) ina nyimbo tisa fupi, na wimbo wake Owner of a Lonely Heart ulifika kileleni mwa chati ya Marekani mwezi Januari 1984. Aliyeanza na ile ya 1972 huisikia ya 1983 kama usaliti. Aliyeanza na ya 1983 huiona ile ya awali kuwa mazungumzo yasiyofika mwisho. Hapa hakuna mengi ya kusema zaidi ya kwamba wote wawili wanasikiliza kwa makini.

Mfano ulio tajiri zaidi ni wa Jethro Tull. Bendi hiyo ilitoa Aqualung mwaka 1971, na wahakiki wengi wakaipokea kama albamu ya dhana moja, yaani nyimbo zinazofungwa pamoja na wazo kuu. Ian Anderson, mtunzi na kiongozi wa bendi, amelikana jambo hilo mara nyingi. Jibu lake lilikuwa Thick as a Brick (1972), wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 40, uliokatwa katikati kwa sababu tu santuri ina pande mbili. Jalada lake ni gazeti zima la mji mdogo wa kubuniwa, lenye habari za kienyeji na matangazo, na katika ukurasa wake wa mbele ipo habari ya mtoto wa miaka minane, Gerald Bostock, aliyeshinda mashindano ya ushairi kisha akapokonywa ushindi baada ya watu kulalamika. Shairi la mtoto huyo ndilo linalodaiwa kuwa maneno ya wimbo. Mtoto mwenyewe hakuwahi kuwepo.

Kazi hii ni mwigo wa dhihaka. Inawaambia wahakiki: mlitaka albamu ya dhana, basi pokeeni mama wa albamu zote za namna hiyo. Lakini mwigo wa dhihaka hutegemea matini mbili, ile inayodhihaki na ile inayodhihakiwa, na msikilizaji sharti awe nazo zote. Albamu hii ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya Marekani mwaka 1972. Haiwezekani kwamba wote walioinunua walikuwa wamekwisha kuisikia Aqualung, sembuse kuyasoma maoni ya wahakiki wa London juu yake. Kwa yule ambaye Thick as a Brick ilikuwa ya kwanza, aliyepaswa kudhihakiwa hakuwapo. Aliposikia motifu zikirudi zikiwa zimegeuzwa, aliuchukua utanzu huo kwa uzito wote na kuufanya kipimo. Je, alikosea? Mhakiki anayeshikilia dhamira ya mtunzi atasema ndiyo. Jibu hilo ni la haraka mno. Muziki wenyewe hautanii: mada zake zinaingiliana na kuitikiana kwa ustadi ambao mzaha mtupu usingeuhitaji. Na jalada, kwa mzaha wake wa ukurasa hadi ukurasa, linamfanyia msikilizaji mgeni kazi ambayo Aqualung ingemfanyia mzoefu. Ni kama fanani anayeikonyeza hadhira kabla ya kufungua kinywa. Kile ambacho Gérard Genette alikiita vizingiti vya matini katika kitabu chake cha 1987 kinageuka hapa kuwa upeo wa matarajio unaouzwa pamoja na kazi yenyewe. Linganisha na In the Court of the Crimson King (1969) ya King Crimson, ambayo upande wake wa mbele una uso unaopiga ukelele, uliochorwa na Barry Godber, bila neno hata moja. Jalada hilo halimsaidii mgeni, linamtisha tu.

Genesis nao wanaleta tatizo la aina nyingine. Albamu yao ya mwanzo, From Genesis to Revelation (1969), ilitoka katika jalada jeusi lisilo na jina la bendi, na husimuliwa kwamba maduka mengine yaliiweka miongoni mwa santuri za dini. Iliuzwa kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo albamu ambayo historia inaiita ya kwanza takriban haikuwa ya kwanza mikononi mwa mtu yeyote. Mwanzo halisi, kwa wapokezi, umegawanyika: wako walioingia kwa Foxtrot (1972) au Selling England by the Pound (1973), wakati Peter Gabriel akiwa mwimbaji, na wako walioingia kwa Invisible Touch (1986), zaidi ya miaka kumi baada ya Gabriel kuondoka mwaka 1975 na Phil Collins kushika uimbaji. Ugomvi wa makundi haya mawili huendeshwa kana kwamba ni ugomvi wa ubora. Kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa mlango.

Pingamizi moja lastahili kupewa uzito. Ushuhuda kuhusu albamu ya kwanza hutolewa baada ya miaka mingi, na una kaida zake kama masimulizi mengine yoyote: chumba cha kulala, rafiki aliyeazima, jalada lililotazamwa kabla ya sindano kushuka. Tena una heshima zake. Kutaja albamu ya 1969 humpa msimulizi hadhi ambayo wimbo uliovuma redioni haumpi, na si ajabu wengine wakausahau ule wimbo. Ushuhuda huu basi usichukuliwe kama hati. Usomwe kama utanzu. Hata hivyo, pingamizi hili linaidhoofisha hoja kidogo tu. Mtu akichagua mwanzo wa kujisimulia, anakiri kwamba mwanzo una mamlaka. Wala huduma za kusikilizia muziki kupitia intaneti, ambazo humwingiza msikilizaji kwa wimbo mmoja bila jalada wala upande wa pili, hazijaliondoa suala hili. Zimekifanya kizingiti kuwa chembamba zaidi na kigumu zaidi kwa mhakiki kukiona.

Pink Floyd ndio wanaoonyesha kina cha jambo lenyewe. The Dark Side of the Moon (1973) ilikaa katika chati ya albamu ya Billboard kwa jumla ya majuma 741 kati ya 1973 na 1988, hivi kwamba mnunuzi wa mwisho katika kipindi hicho angeweza kuwa mtoto wa mnunuzi wa mwanzo. Wengi wa hao walikwenda mbele kabla ya kurudi nyuma. Walifika Wish You Were Here (1975), kazi inayomlilia Syd Barrett, mtunzi mkuu wa awali aliyeachana na bendi mwaka 1968 akili yake ikiwa imevurugika. Barrett mwenyewe alitokea studioni mwezi Juni 1975 kazi hiyo ikiendelea, na wenzake wa zamani hawakumtambua mara moja. Msikilizaji aliyeanzia hapo analazimika kumlilia mtu ambaye hajawahi kumsikia. Kisha, siku moja, anaipata The Piper at the Gates of Dawn (1967), iliyopewa jina la sura mojawapo ya kitabu cha watoto cha Kenneth Grahame, The Wind in the Willows (1908). Aliyeinunua mwaka 1967 alisikia ndani yake uchangamfu wa kijana anayecheza na maneno. Huyu anaweka sindano juu ya santuri, na sauti inayomjia ni ya mtu ambaye amekwisha kumwomboleza.