Moyo Unapopimwa kwa Mikono

Dakika ya nne nilitamani kuacha. Mashine ilikuwa inasoma wati 50, mzigo ambao nikiwa kwenye baiskeli ya kawaida naukanyaga huku napiga soga. Lakini sasa pedeli zilikuwa mikononi. Mabega yaliwaka moto, pumzi ilikuwa fupi, mapigo ya moyo yalishapita 130. Mpimaji alinitazama mikono, akasema, "Legeza vidole, kaka." Kumbe nilikuwa nimeyakaba mashikio kama mtu anayening'inia kwenye tawi.

Kipimo chenyewe hakina maajabu. Pedeli hufungwa mezani au ukutani, ekseli ikiwa usawa wa bega, na kiti husogezwa hadi kiwiko kibaki kimekunjika kidogo mkono unapofika mwisho wa mzunguko. Unazungusha kwa mwendo wa mizunguko 60 hadi 70 kwa dakika. Mzigo huanzia chini, wati 10 au 20, ukiongezwa taratibu hadi ushindwe au daktari akusimamishe. Vibandiko vya kifuani husoma umeme wa moyo, barakoa hupima oksijeni unayotumia. Hupimwa hivi asiyeweza kutembea juu ya mashine ya kukimbilia: aliyekatwa mguu, mwenye mishipa ya miguuni iliyoziba, anayetumia kitimwendo.

Ugumu uko kwenye kuyasoma majibu. Kwa wati zilezile, mikono huudai moyo zaidi ya miguu. Misuli ya mikono na mabega ni midogo, hivyo kila msuli hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Msuli unaokaza sana hubana mishipa yake wenyewe ya damu, asidi laktiki hujaa mapema, na neva za simpathetiki huuchapa moyo uende mbio. Wakati huohuo mgongo na tumbo hukaza ili kiwiliwili kisiyumbe, na oksijeni inayotumika hapo haionekani kwenye wati za mashine. Miguu nayo imetulia. Mashavu ya miguu hayakamui damu kuirudisha juu, basi kila pigo la moyo husukuma damu kidogo, na moyo hufidia kwa kupiga haraka zaidi. Damu hiyo inakwenda kukuta mishipa ya sehemu zisizofanya kazi imejibana, kwa hiyo presha hupanda. Ukiongeza na kukaba mashikio, ambako ni kukaza misuli bila kuisogeza, presha hupanda zaidi bila kazi yoyote kuongezeka. Ndiyo maana niliambiwa nilegeze vidole.

Mwishoni kabisa mambo hugeuka. Miguu hupata kilele cha juu, mikono hukwama chini. Mtu ambaye hakuizoeza mikono hufikia wastani wa asilimia 70 tu ya oksijeni anayoweza kutumia kwa miguu, na mapigo yake ya juu kabisa hupungua kwa 10 hadi 15 kwa dakika. Mwaka 1961 Per-Olof Åstrand na Bengt Saltin wa Sweden walilinganisha namna mbalimbali za kazi, na jambo moja katika matokeo yao bado linanivutia: mikono na miguu ikifanya kazi pamoja, kilele cha oksijeni kilikuwa karibu sawa na cha miguu peke yake. Maana yake miguu inatosha kuufikisha moyo ukingoni. Mikono peke yake huchoka kabla moyo haujafika huko. Calbet na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba hata kwa wanariadha wa kuteleza kwenye theluji, ambao mikono yao hufanya kazi kubwa, mikono huchota oksijeni kidogo kwenye damu kuliko miguu. Pengo hupungua kwa waogeleaji, wapiga kasia na wanaoishi kwa nguvu za mikono, lakini mwenye mikono iliyozoea kalamu asitarajie hivyo.

Presha ina kero yake. Mkanda wa kuipimia huvalishwa mkononi, na mkono ndio unaozunguka. Wengine humwambia mpimwaji aendelee kwa mkono mmoja, wengine humsimamisha na kupima papo hapo. Lakini presha huanza kushuka ndani ya sekunde chache, kwa hiyo namba inayoandikwa mara nyingi iko chini ya ile iliyokuwapo kweli. Daktari anayeona presha "nzuri" kwenye kipimo hiki aulize kwanza ilichukuliwa lini.

Pa kuwa makini zaidi ni kwa aliyeumia uti wa mgongo. Neva zinazouharakisha moyo hutokea kwenye pingili za juu za kifua. Aliyekatika uti wa mgongo shingoni, ubongo wake hauzifikii tena, na mapigo yake ya juu kabisa huishia 110 hadi 130 hata akijitahidi mpaka mwisho. Mpimaji anayetoa umri kwenye 220 ili kukadiria mapigo ya juu kabisa ataandika kwamba mgonjwa hakujitahidi, na hiyo ni dhuluma. Tena, aliyeumia juu ya pingili ya sita ya kifua anaweza kupandishwa presha ghafla na kibofu kilichojaa tu, kwa hiyo hutakiwa kukitoa mkojo kabla ya kuketi. Baadhi ya wanamichezo wamewahi kujisababishia hali hiyo makusudi ili waongeze nguvu, na Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki imeipiga marufuku kwa sababu inaweza kupasua mishipa ya ubongo.

Nawafikiria pia mafundi rangi na wachukuzi wa mizigo waliopona mshtuko wa moyo. Hupimwa kwa kutembea, wakaambiwa wako salama, kisha hurudi kushika brashi juu ya vichwa vyao siku nzima. Mazoezi ya miguu huisaidia miguu zaidi, na manufaa yanayovuka kwenda kwenye mikono ni machache. Fundi kama huyo apimwe kwa mikono na azoezwe mikono, akianzia karibu nusu ya wati anazozimudu kwa miguu, huku vibandiko vikiwa kifuani na vidole vimelegea.