Hesabu za Umeme Mkubwa na Mawe ya Singida

Swali la umeme mkubwa hujieleza kama safari. Kuna jenereta, kuna transfoma ya kupandisha msongo, kuna njia ya kilomita kadhaa, kuna kituo cha kupoza umeme, na mwisho wa safari kuna mzigo. Anayejiandaa kwa usajili wa uhandisi wa kitaaluma huichora safari hiyo kabla ya kushika kikokotoo, na huichora kwa mstari mmoja ingawa nyaya ni tatu. Fezi tatu zinapobeba mzigo uliosawazishwa, kinachotokea kwenye moja hutokea kwenye nyingine mbili, kila moja ikichelewa theluthi ya mzunguko nyuma ya mwenzake. Mstari mmoja unatosha. Uzuri wa ufundi huu umeanzia hapo, katika ujasiri wa kuacha vitu nje ya karatasi na kujua ni kwa nini vimeachwa.

Baada ya mchoro huja kipimo cha msingi, na hapo wanafunzi wengi hupotea kabla hawajaanza kulipenda somo. Badala ya kubeba volti, ampea na omu kupitia kila transfoma, mhandisi huchagua kiwango kimoja cha nguvu, tuseme megavolti-ampea 100, kisha huandika kila kiasi kama sehemu ya kiwango hicho. Kwenye msongo wa kilovolti 400, omu ya msingi huwa 1,600. Kwenye kilovolti 220 huwa 484. Waya wenye kizuizi cha omu 40 unaandikwa 0.025 kwenye msongo wa kwanza, na 0.083 kwenye wa pili. Waya haujabadilika hata kidogo, lakini ugumu wa kupitisha umeme ndani yake umezidi mara tatu na ushee.

Mkoa wa Singida una mfano wa hesabu hiyo uliosimama juu ya minara. Njia ya kusafirisha umeme kutoka Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma na Singida, yenye urefu wa takribani kilomita 670, ilijengwa kwa msongo wa kilovolti 400 lakini ikaanza kazi kwa 220. Mwenye kusoma anaweza kuichukua kama swali la mtihani. Kwa nguvu ileile, msongo wa 400 huhitaji mkondo uliopungua karibu nusu, na umeme unaopotea kama joto kwenye nyaya hushuka mara 3.3, kwa kuwa upotevu huo hufuata mraba wa mkondo. Hesabu yenyewe ina mistari miwili. Ila aliyeifanya hapiti tena chini ya minara ile bila kutazama urefu wa vikombe vya kuhami nyaya.

Kutoka Singida, njia nyingine ya kilovolti 400 inaelekea kaskazini kupitia Babati na Arusha hadi Namanga, na ng'ambo ya mpaka inaendelea hadi Isinya, Kenya. Upande wa Tanzania pekee ni kama kilomita 414. Njia ndefu namna hiyo huleta swali ambalo humshangaza kila anayekutana nalo mara ya kwanza: nini hutokea usiku, mzigo unapokuwa mdogo mno? Akili ya kawaida husema volti hushuka kadiri umeme unavyosafiri. Lakini waya mrefu ulio juu ya ardhi ni kapasita, na ukiwa hauna mzigo hupandisha volti ya mwisho wake. Wimbi la umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu kilomita 6,000, hivyo kilomita 414 ni kama digrii 25 za mzunguko mzima. Kilovolti 400 zinazotiwa mwanzoni, bila kifaa chochote cha kuzizuia, zingefika mwisho wa njia iliyo wazi zikiwa karibu 440. Jambo hili hubeba jina la Sebastian de Ferranti, mhandisi wa nyaya za Deptford, London, mwishoni mwa karne ya 19. Tiba yake ni koili kubwa za kufyonza ziada hiyo. Jibu linalozidi mwanzo wa njia ndilo humfundisha mwanafunzi kutilia shaka akili yake kabla ya kutilia shaka kikokotoo.

Hesabu ndogo zina raha yake pia. Singida ni mkoa wa alizeti, na mashine za kukamua mafuta huendeshwa na mota. Mota hula umeme wa aina mbili: unaofanya kazi, na unaojenga sumaku kisha kurudi ulikotoka. Uwiano wa kilowati na kilovolti-ampea ndio mafundi huuita pawafakta. Chukua karakana yenye mzigo wa kilowati 30 kwa pawafakta ya 0.75. Inavuta kilovolti-ampea 40, yaani ampea 58 kwenye kila fezi ya umeme wa volti 400. Kapasita za takribani kilova 17 (kilova ni kipimo cha umeme ule unaojenga sumaku) zikiwekwa karibu na mota, pawafakta hupanda hadi 0.95, kilovolti-ampea hushuka hadi 31.6 na mkondo hadi ampea 46. Mafuta yanayotoka ni yaleyale. Mteja mkubwa anayelipia pia kiwango cha juu cha kilovolti-ampea ataona tofauti kwenye ankara. Mwenye mita ya Luku anayelipia uniti peke yake atanufaika zaidi kwa nyaya kutopata joto. Swali la kitabuni huishia kwenye kilova. Fundi mzuri huuliza kwanza mteja yuko kwenye bei ipi.

Namna ya kupima ustadi huu hutofautiana. Nchini Marekani, mtahiniwa wa umeme mkubwa hukaa mbele ya kompyuta kwa muda wa saa 8 akijibu maswali 80, na kwa hiyo hujifunza mbio. Tanzania imechagua njia ya taratibu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ina mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu kwa wahitimu, ambao huandika taarifa za kazi chini ya mhandisi anayewasimamia, na mwisho wa yote hukutana na jopo la usaili. Mbio zina faida yake, maana anayejua hesabu kwa moyo huliona kosa haraka. Lakini jopo linaweza kuuliza kitu ambacho karatasi ya maswali haiulizi: hiyo namba uliipata wapi?

Huko Singida, hakuna kinacholifanya swali hilo kuwa zito kuliko athi, yaani kuunganisha mfumo wa umeme na ardhi. Vitabu humpa mwanafunzi ukinzani wa udongo, mara nyingi omu-mita 100, naye huona kwamba athi rodi ya mita 1.5, nene kama kidole, itatoa ukinzani wa omu 60 hivi. Mjini Singida, kandokando ya ziwa Singidani ambalo maji yake ni ya chumvi, udongo unyevu waweza kuwa mwepesi wa kupitisha umeme hata kuliko wa kitabu. Mbali kidogo na ufuko, kwenye majabali ya itale yanayoupa mji sura yake, ardhi kavu hufikia kwa urahisi omu-mita 1,000 na kupita. Athi rodi ileile sasa inatoa omu 600. Fezi ikigusa bati la friji katika nyumba inayotegemea rodi hiyo peke yake, volti 230 hupitisha chini ya nusu ampea. Swichi ya ampea 16 haitajua kwamba kuna jambo. Bati litabaki na umeme hadi mtu aliguse, isipokuwa kuna kifaa cha kukata umeme mkondo ukivuja kwa miliampea 30.

Mafundi huchanganya chumvi na mkaa kwenye shimo la rodi, na kwa muda inasaidia. Mvua huiosha chumvi, na kabla haijaoshwa hula chuma. Rodi ya pili iliyo mbali ya kutosha hupunguza ukinzani hadi karibu nusu, ya tatu huongeza faida ndogo zaidi. Rodi ndefu inayofika kwenye unyevu ni bora, kama jabali litairuhusu. Singida hupata mvua kwa msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, halafu ukame hushika miezi mingi. Kipimo cha Machi na kipimo cha Oktoba kwenye shimo lilelile havitafanana, kwa hiyo mhandisi makini huandika tarehe kando ya kila namba ya omu, na hesabu ya usalama huifanya kwa ile ya Oktoba.