Kivumishi "adhimu" kwa Wanafunzi wa Butembo na Beni

Kulifafanua neno "adhimu" kuwa ni "kubwa sana" ni kumpotosha mwanafunzi wa kiwango cha kati. Vivumishi vya Kinande, lugha ya kwanza ya wengi Butembo na Beni, hupatana na ngeli. "Adhimu" halibadiliki: siku adhimu, kazi adhimu. Hilo hufundishika upesi. Ugumu umo katika maana. Mzizi wa Kiarabu waeleza ukubwa, lakini katika Kiswahili neno hilo hubeba pia utukufu. Basi atakayeyaita mauaji ya raia yaliyoanza eneo la Beni Oktoba 2014 "msiba adhimu" atakuwa ameutukuza msiba aliokusudia kuulilia. Aandike "msiba mzito". Kumbukumbu ya waliouawa, hata hivyo, huadhimishwa, na kitenzi hicho ni cha mzizi uleule.