Tawakali katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona umezoeleka kuhakikiwa kama kitabu cha adabu za mke. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lililotaja wajibu wa mke, na wahakiki wengi waliofuata, wenye kuusifu na wenye kuulaumu, hawakutoka nje ya mipaka ya jina hilo. Hasara yake si ndogo. Sehemu ndefu ya mwisho, ambamo mtunzi anamgeukia Mola wake, huachwa kana kwamba ni desturi tu ya kufungia utendi.

Itakumbukwa kwamba Mwana Kupona binti Msham aliutungia utendi huu bintiye, Mwana Hashima, mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, ambaye aliyakabili majeshi ya Sayyid Said wa Unguja, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mtunzi mwenyewe alikuwa mgonjwa, na utendi wasema kuwa maradhi hayo yametimiza mwaka mzima. Basi ulinzi wa mwenye cheo ulikwisha kuondoka, na afya ya mwili nayo yaondoka. Katika hali hiyo ndipo anapomwita binti akaribie na kumwahidi hirizi; na hirizi yenyewe ni maneno, ambayo ya kwanza yake ni kuishika dini.

Tatizo liko katika beti za radhi tano. Mungu ametangulia, kisha Mtume, baba na mama. Mume ni wa tano. Mpango huo ungetosha kama mtunzi asingaliongeza kwamba Siku ya Kiyama mume ndiye atakayeulizwa juu ya mkewe, na atakalo ndilo litakalotendeka. Je, huyu si binadamu aliyekabidhiwa jambo la Mwenyezi Mungu? Kusema kwamba hayo ni mafunzo ya zama zake ni kueleza yalikotoka tu. Mgongano ungali pale pale.

Utendi wajibu kwa njia nyingine. Mtunzi anaposimulia kifo cha Bwana Mataka, miongoni mwa vitenzi avitumiavyo ni kufawidhi, yaani kulirudisha jambo kwa mwenyewe. Halafu katika dua mjane asimama peke yake. Anaomba aondolewe ndwele na kusamehewa madhambi, na awekewe wanawe na jamaa zake, wala hapana mume wa kuulizwa. Mpinzani aweza kudai kwamba marehemu alikwisha kumpa radhi, kama asemavyo mwenyewe, hivyo anaomba akiwa na hati mkononi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini dua haikujengwa juu ya hati hiyo, bali juu ya unyonge wa mwombaji; na hata kifani, sauti ya mafunzo, ambayo mahali pengine ni kavu, hapa yalainika na kuwa sauti ya mtu mmoja mwenye maumivu yake.

Tawakali hii haina uvivu. Mama huyu huyu aliyejisalimisha ndiye anayemhimiza binti kuiweka nyumba safi na kuuchunga ulimi wake. Kazi za mikono zaamrishwa moja moja, lakini matokeo yake hayaahidiwi kutokana na mikono hiyo. Wahakiki wanaouona utendi huu kuwa ni hati ya utumwa wa mke, na wale wanaouona kuwa ni kielelezo cha mke mwema, wote wamesoma amri hizo na kuishia hapo.

Mwishoni mtunzi ajitambulisha. Ajiita gharibu, mwenye huzuni, anayetaraji msamaha wa Mola wake. Kisha ataja jina lake, la baba yake, na Pate alikozaliwa. Ni kweli kwamba desturi ya Kiislamu haimpi mke jina la mumewe, kwa hiyo haifai kuutwika ukimya huu mzigo mkubwa. Hata hivyo, mtawala wa Siyu, ambaye radhi yake ilichukua beti nyingi, hatajwi hapo.