Usukani Huchaguliwa kwa Kuangalia Nyuma Yake

Ngozi ikianza kubabuka pale vidole vinaposhika kila siku, dereva huanza kutamani usukani mwingine. Kwenye maduka ya spea za mtumba hutundikwa ukutani, na bei hutajwa kwa kutazama ngozi na vitufe. Kosa huanzia hapo, kwa sababu kinachoamua kama usukani unalifaa gari kiko upande wa nyuma, ambao wanunuzi wachache hujali kuugeuza.

Katikati ya upande huo kuna tundu lenye meno yanayokamata mhimili. Meno yakikubali, bado kuna plagi za nyaya, na usukani wa modeli nyingine hukwama hapo mara nyingi. Nyaya za honi, redio na mfuko wa hewa haziwezi kufungwa moja kwa moja kwenye kitu kinachozunguka, zingekatika kona ya kwanza. Hupitia utepe mwembamba uliokunjwa ndani ya kasha la plastiki, unaojikunja na kujikunjua kama springi ya saa. Kwenye Toyota nyingi kasha hilo huzungushwa taratibu kwa mkono hadi likaze, kisha hurudishwa kama mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Fundi akiruka hatua hiyo, utepe hukatika usukani unapokatwa hadi mwisho. Honi hunyamaza na taa ya onyo ya mfuko wa hewa (SRS) huwaka.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Matairi huelekezwa mbele, waya hasi wa betri huchomolewa, kisha husubiriwa angalau sekunde 90, maana kompyuta ya mfuko wa hewa hubaki na umeme wa akiba. Mfuko ukishatoka, fundi makini huchora mstari wa rangi kwenye mhimili na usukani, hulegeza nati bila kuitoa yote, ndipo avute. Usukani uliokwama huachia ghafla, na nati hiyo iliyobaki kwenye nyuzi ndiyo inayouzuia usimpige usoni. Ukirudishwa ukiwa umepishana jino moja tu, gari litakwenda sawa huku usukani umekaa upande.

Wapenda michezo ya magari huvutiwa na usukani mdogo wa MOMO au Nardi. Hapo kuna tofauti ya milimita 4 inayowapotezea watu fedha: matundu sita ya MOMO hukaa kwenye duara la milimita 70, ya Nardi 74, kwa hiyo kikombe cha kuungia cha mmoja hakimfai mwenzake. Kupunguza kipenyo kutoka milimita 380 hadi 350 huongeza nguvu inayotakiwa mikononi kwa karibu asilimia 9, jambo linalohisiwa vizuri siku pawa stelingi inapokufa. Zaidi ya hayo, usukani wa aina hiyo kwa kawaida hauna mfuko wa hewa. Baadhi ya mafundi hufunga rezista ili taa ya onyo izimike. Taa huzimika kweli, lakini mbele ya kifua cha dereva hakuna kitu.

Usukani wa mtumba unaouzwa pamoja na mfuko wake nao unahitaji tahadhari. Kemikali ya kujazia mifuko ya Takata ya Japani, naitreti ya amonia, ilidhoofishwa na miaka ya joto na unyevu, na baadhi ya makopo yake yalipasuka na kurusha vipande vya chuma kwa madereva. Mamilioni ya magari yaliitwa kurekebishwa, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam na Mombasa mwaka mzima.

Kwa gari lenye mfuko wa hewa, usukani unaofaa ni wa modeli ileile na toleo lilelile, ununuliwe bila mfuko, kisha mfuko wa awali urudishwe baada ya namba ya chesisi kuhakikiwa kwa mtengenezaji kwamba gari halimo kwenye orodha ya yaliyoitwa kurekebishwa. Kama kilichoharibika ni ngozi tu, washonaji wa viti vya magari huuvisha usukani ngozi mpya kwa sindano na uzi, bila nati hata moja kufunguliwa.