Stelingi ni Nani? Watazamaji wa Marangu na Msimu wa Nne wa The Boys

Darasani tumezoeshwa kumtafuta mhusika mkuu kabla ya kitu kingine chochote. Ukishampata unambandika dhamira, migogoro na ujumbe, kisha unasubiri alama. Kwenye kibanda umiza watu hufanya kazi hiyo hiyo bila mwalimu, na neno lao ni moja tu: stelingi. Stelingi ndiye mwenye muvi. Stelingi hafi. Akipigwa risasi basi ni ya begani, na akifa kweli, muvi ni mbovu na mwenye kibanda anadaiwa hela. Hiyo ni kanuni ya fani kama kanuni nyingine, tena pengine ina wafuasi wakali kuliko hata vina na mizani. Katika makala hii nataka kueleza jinsi kanuni hiyo ilivyotikiswa Desemba 2024, kwenye kibanda kimoja cha Marangu Mtoni, na tamthilia ya Kimarekani iitwayo The Boys.

Kwa msomaji asiyeijua, tamthilia hii imetokana na vitabu vya katuni vya Garth Ennis na Darick Robertson vilivyotoka kati ya 2006 na 2012. Eric Kripke ndiye aliyeiunda kwa ajili ya televisheni, na msimu wa kwanza ulitoka 2019. Mashujaa wake wanapaa, wanapasua kuta, wengine hawapenyi risasi. Lakini ni waajiriwa wa kampuni, Vought, inayowauza kama sabuni. Umma unaambiwa nguvu zao zimetoka kwa Mungu. Ukweli ni kwamba walidungwa dawa wakiwa wachanga. Mkubwa wao ni Homelander, anayevaa joho la bendera ya Marekani na kutoa miale ya moto machoni, na ambaye anaua watu kama mtu anayeua nzi. Wanaompinga ni kikundi cha Billy Butcher, nao si malaika hata kidogo. Msimu wa nne ulionyeshwa kuanzia Juni 13 hadi Julai 18, 2024. Marangu ulifika na fleshi wakati wa sikukuu, Wachaga tunaporudi nyumbani kwa mabasi yaliyojaa, na ulifika ukiwa tayari na sauti ya mfasiri juu yake.

Huyu mfasiri tusimruke. Tangu enzi za Lufufu pale Dar es Salaam, na DJ Afro kule Kenya, na wenzao wa Uganda, anayetafsiri muvi hatafsiri sentensi kwa sentensi. Anasimulia. Anabadili majina, anatia utani, anamsema mhusika kabla mhusika hajasema. Kwa lugha yetu ya darasani ni fanani wa pili anayekaa juu ya fanani wa kwanza, na hadhira humsikiliza yeye kuliko picha. Sasa basi, katika nakala tuliyoiona, dakika chache tu baada ya Homelander kutokea, mfasiri akamwita “mwamba”. Butcher akamwita “mlevi”. Kazi ikaishia hapo. Mtu akishaitwa mwamba ameshapigwa muhuri wa ustelingi, na kibanda kizima kikaketi upande wake.

Usiku wa kwanza nilikaa nyuma na daftari langu nikiwa nimekereka. Msimu wa tatu ulikuwa umeishia mahali pa kutisha: mtu mmoja katika umati anamrushia kopo mtoto wa Homelander, Homelander anampasua kichwa mchana kweupe, watu wananyamaza kidogo, halafu wanashangilia. Kipande hicho kilirudiwa kwa ajili ya kutukumbusha. Na kibandani kwetu nako, kimya kidogo, halafu shangwe! Nikaandika: “Hadhira haijaelewa kejeli.” Sentensi hiyo naifuta hapa mbele yako, ndugu msomaji.

Naifuta kwanza kwa sababu hata wenye lugha yao ilikuwa hivyo hivyo. Kripke amekwisha kueleza katika mahojiano kwamba Homelander amechorwa akiangaliwa Donald Trump, na bado walikuwapo watazamaji wa huko huko Marekani waliomshangilia kwa misimu kadhaa kama shujaa wa kweli. Pili, na hili ndilo kubwa, naifuta kwa sababu ya kijana wa bodaboda aliyekaa jirani yangu. Nilimwuliza kama haoni kwamba jamaa ni muuaji. Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. “Naona. Lakini huyu akiwa barabarani, nani anamsimamisha?” Kejeli ameiona. Ila yeye husimamishwa mara nne kati ya nyumbani kwake na Himo, na kila kusimamishwa kuna gharama yake. Alichokitaka kwenye ile luninga ni kumwona walau mtu mmoja asiyesimamishwa, na hilo The Boys inampa kwa wingi kabla haijaanza kumlaumu kwa kulipokea. Wahakiki tunaosema watazamaji wamekosea tunasahau kuwa kazi ya sanaa yenyewe imewakaribisha kwa mkono wa kulia.

Halafu ikaja ile sehemu ya kwanza ya msimu mpya. Homelander anashtakiwa kwa mauaji yale ya umati, na anaachiwa huru. Nje ya mahakama wafuasi wake na wapinzani wake wanakabana. Wafuasi watatu wanaletwa faragha, wamevaa nguo zake, wana furaha ya kualikwa na bwana mkubwa. Naye anawaamuru mashujaa wenzake wawapige hadi wafe, ili maiti zao zitumike kuwasingizia wapinzani.

Kibanda kilipasuka. “Si watu wake hao?” “Wamevaa fulana zake jamani!” Mmoja akataka irudishwe nyuma, akidhani mfasiri amechanganya. Mfasiri mwenyewe alikuwa amekwisha kuliacha lile neno “mwamba” bila kutuaga, akawa anasema “huyu jamaa” tu. Na mpagazi mmoja, mtu anayepandisha mizigo ya watalii kupitia geti la Marangu miaka mingi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Hao ni wapagazi wake.” Nimesoma maandishi kadhaa kuhusu msimu huu, ya watu wenye digrii zao. Sijaona uhakiki mfupi na wa kitabaka kuliko huo. Tangu usiku ule kibanda kiligawanyika, na mabishano yakawa yanaanza kabla jenereta halijawashwa.

Siwezi kusema msimu wote ni mzuri. Katikati unakokota miguu. Visa ni vingi mno, uchafu mwingine umewekwa ili tu tuseme “ah!”, na vijembe vya siasa za Marekani vikifika Marangu vimeshapoa. Mfasiri aliviondoa karibu vyote akaweka utani wa Simba na Yanga. Kwa kweli utani wake ulikuwa bora.

Lakini sehemu ya nne ni kazi ya kupigiwa mfano. Homelander anarudi kwenye maabara alikolelewa kama mnyama wa majaribio, akiwa na keki ya aiskrimu mkononi. Anawakuta baadhi ya wale waliomchoma moto utotoni ili waone kama ataungua. Anazungumza nao kwa upole, kisha anawaua mmoja mmoja. Hapo mfasiri alinyamaza. Sijui kama alishindwa au aliamua, ila kwa dakika kadhaa tulisikia Kiingereza kitupu na vilio, kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Watoto waliokuwa wakichungulia kupitia tundu la gunia walifukuzwa. Na katika ukimya ule, mama mmoja anayeuza ndizi pale nje, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni lake, akasema: “Huyu hana mama.”

Watu walicheka. Mimi nilikwenda nalo nyumbani. Kwa maana ukiuchukua Utenzi wa Fumo Liyongo, ule wa Muhammad Kijumwa wa 1913, unakuta shujaa mwenye nguvu zinazotisha mji kama za Homelander. Mtawala wa Pate anamwogopa. Anafungwa gerezani, na anayemwokoa ni mama yake, anayemtumia mkate uliofichwa tupa ndani. Baadaye mwanawe mwenyewe anarubuniwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala, anamchoma kitovuni na sindano ya shaba, mahali pekee panapomuua. Liyongo anakwenda hadi kisimani, anapiga goti na upinde wake, anafia pale pale. Watu hawathubutu kusogea kuteka maji kwa kuwa wanadhani yu hai. Na ni nani wanayemtuma akambembeleze? Mama yake tena.

Kwa hiyo mapokeo yetu yana stelingi anayefa, na hakuna aliyewahi kudai hela yake kwa ajili hiyo. Liyongo ana kitovu. Kitovu ndipo mtu alipounganika na mama yake, na ndipo watu wengine wanapoweza kumfikia, kwa wema au kwa sindano. Homelander alizaliwa kwa ajili ya kampuni, na hadi msimu wa nne unakwisha hakuna anayejua pa kumchoma. Kripke mwenyewe nadhani aliiona shida hiyo, ndiyo sababu mwanzoni mwa msimu akamwotesha nywele ya mvi. (Kibandani walishangilia: “Stelingi ana mvi!”) Mvi haitoshi. Yule mama wa ndizi alitaja kasoro ya huyo mtu na kasoro ya tamthilia kwa maneno matatu.

Kuna jambo jingine, nalo lilisemwa nje, tukingoja mvua ipungue. Mzee mmoja alikuwa akisikiliza ubishi wetu wa nani stelingi. Akasema yeye ni wa Marangu na alioa Old Moshi. Alipokuwa mdogo nyumbani kwao walisimuliwa Mangi Marealle kuwa mtu wa akili, aliyejua kukaa na Wajerumani, nchi yake ikasalimika. Siku ya kupeleka mbege kwa wakwe akasimulia hivyo hivyo kwa kujivuna. Wakwe wakaweka kata chini. Kwao stelingi ni Mangi Meli, aliyewapiga Wajerumani mwezi Juni 1892 na kunyongwa pamoja na wengine 18 tarehe 2 Machi 1900. Na wanahistoria wengi wanaihusisha hukumu ile na fitina za Marealle. “Muvi ni moja,” mzee akasema, “ila mfasiri wetu na wa kwao si mmoja.” Kisha akaomba apishwe, mvua ilikuwa imekatika.

Nimelikumbuka hilo kila ninaposoma kwamba hadhira fulani “imepotoshwa”. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Marangu. Shangwe zangu za kwanza nilipewa na mfasiri wangu kabla sijajua kusoma, na sijawahi kuzihakiki kwa ukali niliokwenda nao kibandani na daftari.

Usiku wa mwisho tulikuwa wengi, wengine wamekaa juu ya ndoo. Katika sehemu ya nane Homelander anashinda. Rais mteule anakamatwa, anayeapishwa anatangaza hali ya hatari, na mashujaa wa Vought wanageuzwa kuwa askari chini ya amri yake. Wengi wa kikundi cha Butcher wanatiwa mbaroni. Kanuni ya kibanda imetimia kwa asilimia mia: stelingi hajafa, hana hata alama ya risasi begani, na nchi nzima ni yake. Taa zikawashwa. Hakuna aliyepiga makofi. Yule kijana wa bodaboda akainuka, akamfuata mwenye kibanda na kumdai mia tano yake.

“Kwani si stelingi wako ameshinda?” mwenye kibanda akamwuliza.

“Ndiyo nadai,” akasema.